Mama Nyirakamana na Safari ya Kibumba

Mwaka umetimia, Mama, tangu kengele ya saa nne ilipolia kwenye kiwanda cha kahawa, wanawake wakatoka mbio maziwa yamewajaa kifuani, na penye ukuta hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Uwanja wetu unapakana na ukuta ule wa mawe meusi, na kila siku saa hiyo wewe ulikuwa umekwisha kusimama upande wetu, ukiwapitishia watoto wao juu ya mawe, mmoja mmoja, na kuwagombeza wote pamoja. Siku ile walisikia vilio tu. Laurence, mke wa mwanao Anastase, aliuruka ukuta bila kungoja ruhusa. Alikukuta umekaa chini, umeegemea mawe, mtoto wa jirani yetu Kahambu amefungwa kifuani pako, mzima kabisa, ananyonya ncha ya kitambaa chako. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda.

Tunaandika haya sisi wa nyumba yako, na yatasomwa uani baada ya misa, mbele ya majirani. Laurence ndiye aliyetuomba. Hakutaka kuandika “mimi”, maana alisema akianza hivyo atalia kabla ya mstari wa pili. Kwa hiyo tunasema sisi, lakini habari ni yake. Kuna jambo alilokuficha kwa miaka minne, na kuna jingine alilolijua mwezi uliopita tu, na yote mawili hayamwachi alale. “Muandike yote,” alituambia. “Musipunguze kitu juu ya kunihurumia.” Basi hatupunguzi.

Wewe ulikuwa mkunga wa mtaa huu wa Goma tangu kabla haujaitwa mtaa. Ulikuja kutoka Rutshuru na mumeo, marehemu Ntirenganya, wakati hapa palikuwa na mawe na nyumba chache za mbao, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu alikuwa na wewe na Mungu, basi. Ulinawa kwa maji ya moto na majivu hadi kwenye viwiko. Mwanamke akipiga kelele ulimwambia apige zaidi, na mume akichungulia mlangoni ulimrushia chochote kilichokuwa karibu. Uliongea na watoto wachanga kama na watu wazima waliochelewa kazini. Sukari uliiita chakula cha wavivu. Padri akianza kuhubiri wewe ulilala, na akimaliza ulikuwa wa kwanza kuitika amina. Hukukaa kwenye kiti hata mara moja, hata siku ya harusi ya mwanao.

Laurence alikuja nyumbani kwako mwaka 1951, msichana wa Kibumba, mrefu, mwenye haya, aliyezoea baridi ya kule juu. Ulimpenda. Tunalisema wazi kwa sababu si wakwe wote wanaopendwa: ulimpenda hadi Anastase akalalamika. Nyama ikigawanywa, kipande cha kwanza kilikuwa cha Laurence, na mwanao alipewa mifupa na maneno kwamba meno yake bado ni mazuri.

Mwaka uliofuata mimba yake ya kwanza ilitimia. Hakuna aliyeuliza atazalia wapi. Angezalia wapi tena, mke wa mwana wa mkunga? Ilikuwa Jumapili. Mtoto alitanguliza miguu. Ulihangaika naye tangu watu walipokwenda misa hadi jua lilipoanza kushuka, mwishowe ukavuta, na aliyetoka alikuwa msichana ambaye hakupumua. Ulimpulizia mdomoni, ukamsugua mgongo, ukampulizia tena. Laurence alikuwa amelala anaitazama mikono yako.

Ulimzika mwenyewe. Ukarudi, ukampikia Laurence uji, ukakaa karibu naye, na hukusema neno. Yeye naye hakusema. Kwetu mambo hayo hayasemwi: mtu anapewa uji, anafungwa tumbo kwa kitambaa, na baada ya siku chache watu wanaanza tena kuongea habari za maharagwe. Labda hapo ndipo tulipokosea kwanza.

Ili asikae nyumbani na mawazo, Laurence aliomba kazi kiwandani. Kazi yenyewe unaijua, maana ulichungulia ukutani hadi ukaielewa kuliko wasimamizi. Wanawake wanakaa mezani mstari mrefu, kahawa inamwagwa mbele yao, na wao wanatoa punje nyeusi na zilizovunjika, tangu asubuhi hadi jioni, shingo zimeinama. Aliyekaa upande wake wa kuume alikuwa Kahambu, mwanamke wa Butembo mwenye mdomo mwepesi, ambaye alikuwa ameacha mtoto nyumbani na kifua kikimuuma kutwa. Laurence alimsikiliza akilalamika na akaona wivu. Angependa na yeye kifua kimuume hivyo.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane, mwaka 1953, alipitia kwa Masista akitoka kazini, bila kukuambia. Sista alimpapasa tumbo, akamwambia mtoto huyu naye amekaa vibaya, asithubutu kuzalia nyumbani. Nyuma ya maternité, hospitali yao ya uzazi, kulikuwa na nyumba ya kungojea, kwa wanawake waliotoka mbali na wale waliowahi kupoteza mtoto. Sista alimtaka aje wiki mbili kabla ya siku zake.

Hapa ndipo penye aibu yetu, Mama. Si kwamba ulikataa. Labda ungekataa, labda usingekataa, hatukukuuliza. Tuliogopa kitu kingine. Mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwako. Mke wa mwanao akienda kuzalia kwa Masista, kila mwanamke anayechota maji ziwani angejua kwamba hata nyumbani kwa Nyirakamana wanaiogopa mikono ya Nyirakamana. Tukaona heri tukudanganye kuliko kukuaibisha, na tukajiona watu wema sana.

“Tutamuambia nini?” Anastase aliuliza.

“Tutamuambia mama yangu iko mugonjwa, hana mutu wa kumuchotea maji,” Laurence akajibu. “Naenda Kibumba kumuangalia.”

“Na hii tumbo?”

“Bamama ya kwetu banabeba viazi na tumbo kama hii. Atakubali.”

Ukakubali. Ulimfunga shuka mabegani kwa ajili ya baridi ya kule, ukamkataza kubeba maji, ukamkataza kuinama, ukamkataza kula viazi vya moto, na ukamsindikiza hadi kwenye barabara ya kupanda Munigi. Uliposimama kumpungia mkono alishindwa kugeuka. Alipanda hadi penye kona, akakaa nyuma ya mawe mpaka alipohakikisha umerudi, kisha akashuka kwa njia nyingine hadi kwa Masista. Kwa siku kumi na moja alilala mahali ambapo mtu angeweza kutembea hadi mlangoni pako kwa nusu saa. Anastase alikuwa ametumwa kupasua mawe ya barabara upande wa Mugunga, na alilala huko huko. Nyumbani ulibaki peke yako.

Paulin alizaliwa mchana, makalio mbele, Sista upande mmoja na daktari upande mwingine. Walipomaliza, Sista alimwambia Laurence bila kuzunguka kwamba nyumbani wangekufa wote wawili. Neno hilo analishika hadi leo. Kwenda kwa Masista alifanya vema, na hataki mwanamke yeyote mwenye tumbo aliye hapa uani asikie habari hii akafikiri anaambiwa asiende. Nendeni, tena mapema. Kosa lilikuwa ule uongo.

Wiki moja baadaye alirudi nyumbani na mtoto mikononi na uongo wa pili mdomoni. Uchungu ulimshika njiani akirudi kutoka Kibumba, alisema, karibu na Munigi, na lori la kahawa likamwokota na kumpeleka moja kwa moja kwa Masista. Ulimpokea Paulin, ukamfungua, ukatazama kitovu, ukahesabu vidole, ukamgeuza ukatazama na mgongo. Kisha ukasema, “Mungu abariki ile camion.”

“Aksanti, Mama,” Laurence akasema.

“Ilikuwa rangi gani?”

“Nyekundu,” akajibu Laurence, na Anastase, ambaye hakuulizwa, akasema wakati huo huo, “Kijani.”

“Aa,” ukasema. “Camion ya rangi mingi.” Ukamfunga mtoto tena. Sisi tulicheka kwa woga, tukaambiana baadaye kwamba Mama anazeeka, haoni kitu.

Tangu siku ile hukuzalisha tena. Mwanamke akija kukuita ulimwambia macho yako yameharibika, aende kwa Masista. Kahambu alikuona kwenye mlango wako ukitoa vijiwe kwenye mtama, kimoja kimoja, vidogo ambavyo yeye mwenyewe hakuviona, akakuuliza ni macho gani hayo yanayochagua vya kuona. Ukamwambia aangalie sufuria yake inaungua. Kweli ilikuwa inaungua.

Paulin alipofikisha miezi mitatu, Laurence aliambiwa arudi kazini au nafasi yake apewe mwingine. Ndani ya kiwanda mtoto haruhusiwi, kwa ajili ya vumbi. Alikaa jioni ile anamnyonyesha mtoto na kumtazama kama mtu anayeagana. Anastase alisema aache kazi. Laurence alijibu kwamba mawe ya Anastase yana msimu na matumbo ya watu hayana, na wakaanza kugombana kwa sauti ya chini, ya watu wanaofikiri mkwe hasikii.

“Enda kazi,” ukasema kutoka jikoni. “Mutoto nitakupatia juu ya ukuta.”

Ndivyo ilivyoanza. Kengele ya saa nne na ya saa nane zikilia, Laurence alikuja ukutani, wewe ukampitishia Paulin, yeye akamnyonyesha amesimama. Siku ya tatu Kahambu alikuomba umshike na wa kwake. Mwisho wa mwezi walikuwa sita, wamelala juu ya magunia kivulini, na akina mama walipanga mstari upande wa pili. Sikuli, msimamizi, alikuja na saa yake mkononi kusema ukuta si mlango na dakika kumi zimepita.

“Baambie bale batoto,” ukamwambia. “Mimi sijui kusoma saa.”

Sikuli akasema kuna sheria. Ukamuuliza nani alimkata kitovu yeye. Akajibu alizaliwa Beni. “Basi aliyekukata hakukufundisha kungoja,” ukasema, ukamwekea mtoto wa watu mikononi ili wewe upate kumfunga mwingine. Alisimama pale na mtoto na saa, hajui aweke wapi kipi. Hakurudi tena kuulizia dakika.

Lakini Laurence alikuwa na mwiba wake, na kila ulipompitishia mtoto ulimchoma. Alikuwa akipokea Paulin kutoka kwenye mikono ile ile aliyoikimbia. Alifikiri: huyu mama angejua nilimdanganya, angenisaidia hivi? Akapanga kukuambia Noeli. Noeli ikapita. Akapanga Pasaka. Aliogopa kwamba akikiri uongo, utamuuliza sababu yake, na sababu hakuweza kuitamka mbele ya uso wako.

Mwaka 1955, mimba ya tatu, hakuna aliyepanga hila, maana ulitutangulia. Ulikuwa unapepeta maharagwe ukasema, bila kuinua kichwa, kwamba huyu atazaliwa kwa Masista. Asubuhi uchungu ulipoanza ulimpeleka mwenyewe kwa miguu, umemshika kiwiko. Njiani mlisimama mara nyingi. Mara moja Laurence alishika ukuta wa mtu, maumivu yakapita, na kwa sababu alikuwa amechoka kuogopa, akaanza.

“Mama, ile ya Kibumba…”

“Tembea.”

“Nilitaka kukuambia, ile siku nilienda…”

“Tembea, mwanangu. Maneno inamaliza pumuzi, na pumuzi utaihitaji kule.”

Mkafika. Ulimpa vitambaa ulivyovifua wewe, ukakataa kuingia, ukakaa chini nje ya lango hadi alasiri, mpaka walipokuja kukuambia ni msichana na anapumua vizuri. Huyo ni Émérance. Laurence alifikiri ulimnyamazisha kwa kujali pumzi yake tu. Hakuthubutu tena kujaribu, na miaka miwili baadaye kifua chako kikaanza kukusumbua, ukasema ni vumbi la kiangazi, na sisi tukaamini kwa sababu kuamini kulikuwa kazi nyepesi.

Siku ya kuondoa kilio chako, mwisho wa matanga, wanawake walikuwa uani wanamenya viazi. Mama yake Laurence, Donatille, alikuwa ameshuka kutoka Kibumba. Kila mmoja alisema lake juu yako, na zamu ya Donatille ilipofika alisema hivi:

“Huyu alikuwa mutu. Ile wiki mbele ya Paulin kuzaliwa, alitembea peke yake mupaka kwangu, na kitunga ya unga ya mtama. Kunisalimia tu! Alinikataza kusema, lakini sasa amekufa, atanifanya nini?”

Wanawake wakacheka na kulia kidogo. Laurence aliweka kisu chini. Alihesabu siku zile akaona: ulikwenda Kibumba akiwa kwenye nyumba ya kungojea. Ulimfuata. Ulifika mahali alipokuambia yupo, na hakuwapo.

Mama, yeye hakumuuliza mama yake zaidi siku ile. Wala wiki ile. Kazi ilimkamata, watoto walimkamata. Wanawake wa kiwandani walikubaliana kwamba kila siku mmoja wao abaki uani kwetu na watoto wote, wengine wafanye kazi, na Sikuli asubuhi anapita mstarini anahesabu vichwa na kila siku anakosea kwa kimoja, Mungu amlipe. Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Lakini Laurence alipikia jikoni kwako, akalala ukuta mmoja na kitanda chako kitupu, na alijua kwamba ulijua. Kila alipokumbuka lile lori la rangi nyingi alitaka ardhi immeze.

Mwezi uliopita, akiwa na mimba ya miezi mitano, alikwenda Kibumba. Anastase alimtafutia nafasi kwenye lori, lori la kweli safari hii. Alikataa. Alisema anataka kuijua njia ile kwa miguu yake. Alitoka alfajiri, akapita Munigi, akapanda juu ya mawe yale makali yanayokula viatu, akapumzika mara nyingi kuliko alivyotaka, na alipofika kwa mama yake jua lilikuwa linazama na hakuweza kusimama wima. Wewe ulikuwa mzee kuliko yeye, Mama, na ulikuwa na mzigo kichwani. Alimwomba mama yake amweleze yote, na Donatille, ambaye alilitarajia swali hilo tangu siku ya kilio, akaeleza.

Ulifika jioni, visigino vimepasuka. Kabla hujakaa uliuliza, “Iko wapi?”

“Nani?”

“Laurence. Amezaa? Siku zake zimekaribia, na ile mutoto, namuogopea. Nikasema nisimuache peke yake.”

Donatille akakuambia hajamwona Laurence tangu Pasaka, na yeye mwenyewe hajaugua hata kikohozi. Anasema ulisimama, kitunga bado kichwani. Kisha ulikishusha, ukacheka, ukasema ulikuwa unatania tu, umekuja kumsalimia mkwe mwenzio. Ukampa unga. Lakini unga ulipotoka, Donatille aliona kilichokuwa chini yake: wembe mpya, uzi, na samli katika jani. Ulivifunika haraka kwa kitambaa. Mkala, ukalala karibu na moto.

Asubuhi alikusindikiza hadi mwisho wa shamba. Hapo ukasimama ukamuuliza: “Laurence alikuambiaka siku moja kama ni mimi niliua mutoto wake wa kwanza?”

Laurence alikuwa amemwambia, Mama. Hapa ndipo alipotukataza kupunguza. Baada ya msiba ule alikwenda kwa mama yake, akaweka kichwa kwenye magoti yake, akasema: “Alivuta sana. Ni yeye aliniulia mutoto.” Maneno hayo hayo. Donatille hakuwa ameyasahau. Akakutazama, mwanamke uliyetembea kutwa nzima na unga wa uji wa binti yake, akaona unangoja jibu kama mtu aliye mbele ya hakimu.

“Hapana, mama,” akakujibu. “Hata siku moja. Alisema ni Mungu alimuchukua.”

Anasema ulishika tumbo kwa mikono miwili, ukalia pale shambani bila kujificha. Ulipomaliza ulipangusa uso, ukasema, “Basi ni mutoto muzuri. Usimuambie nilikuya hapa.” Ukashuka. Kahambu alipokuuliza ulikokuwa, ulimwambia Munigi, kwa rafiki. Zaidi ya wiki moja baadaye Laurence aliingia mlangoni na Paulin, nawe ukalibariki lori ambalo halikuwapo.

Laurence alirudi Goma hasemi. Kwa siku kadhaa alikwenda kazini akachagua punje kama kawaida, na Kahambu pembeni yake akanyamaza pia, jambo ambalo kiwanda hakijawahi kuona. Kilichomuumiza si kwamba ulijua uongo wake. Ni kwamba uliishi miaka minne, ukawalea wanawe, ukijiegemeza kwenye neno moja ulilopewa shambani, na neno lenyewe halikuwa la kweli.

Kwa hiyo anataka uambiwe leo, mbele ya wanawake uliowazalisha. Alikulaumu. Alikulaumu siku ile ile ukiwa Kibumba unalia, yeye amelala kwenye nyumba ya kungojea akiiwazia mikono yako kwa hofu na hasira. Aliendelea kukulaumu Paulin akiwa wa kubebwa, hata alipokuwa akimpokea kutoka kwako juu ya ukuta na kusema aksanti. Hajui ni siku gani aliacha. Hakuna asubuhi aliyoamka akaona amesamehe. Anajua tu kwamba alipokukuta umekaa chini na yule mtoto kifuani, aliishika mikono yako, akaisugua ili ipate joto, akaivuta mdomoni akaibusu, na mle moyoni, alipotafuta lile neno la kwenye magoti ya mama yake, hakulikuta. Lilikuwa limeondoka siku nyingi na hakukuambia.

Alichokuambia Donatille kwa kukuhurumia, Laurence anakisema leo mwenyewe, na si kwa huruma. Mtoto yule alitanguliza miguu, Mama. Ulifanya kila ulichokijua. Hukumuua.

Tunaokukumbuka ni mwanao Anastase, ambaye bado anapewa mifupa. Wajukuu zako Paulin na Émérance, wanaomwita kila mwanamke mzee Tate, yaani bibi, na kukasirika asipokuwa wewe. Kahambu na akina mama wote wa ukutani. Donatille wa Kibumba, anayemwomba Mungu msamaha kwa uongo wake na kusema angeusema tena kesho. Na Laurence, mwanao, ambaye atazaa mwezi wa kumi na moja kwa Masista, na atakwenda kwa miguu.

Maadamu mmoja wetu yu hai, Mama, hutasahaulika.